Asante ya Punda ni Mateke: Tumtunzeje bila Kuumia?



Methali ya wazee yasema kwamba asante ya punda ni mateke. Twaitumia kumsema mtu asiye na shukrani. Mwezi huu, hata hivyo, twataka kuitazama methali hii kwa upande wa afya. Je, ni kweli kwamba punda hupiga mateke kwa sababu hana shukrani? Au hupiga kwa sababu sisi tumemjia vibaya? Na mtu akishapigwa teke au kuumwa, afanye nini ili lile jeraha dogo lisije likamwua baada ya wiki mbili?

Wasomaji wetu wa Kiegei na vijiji vya jirani, upande wa Nachingwea na upande wa Ruangwa, huenda watauliza: mambo ya punda yanatuhusu nini sisi wakulima wa korosho, ufuta na mihogo? Yanatuhusu, na tutaeleza kwa nini.

Kwa nini kusini hatukuzoea wanyama hawa

Farasi, punda na nyumbu (yule mtoto wa punda dume na farasi jike) ni jamaa moja. Farasi hatuna huku, na sababu yake yajulikana. Nchi yetu ya misitu ya miombo ni nchi ya mbung'o, na mbung'o hueneza ugonjwa wa nagana unaomaliza damu na nguvu za mnyama. Tena uko ugonjwa mwingine uitwao tauni ya farasi, unaoenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wa usiku. Huo huua farasi upesi sana. Punda huuvumilia, lakini nagana humpata naye.

Daktari Livingstone alilijaribu jambo hili karibu na kwetu. Mwaka 1866 alishuka Mikindani akiwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama mmoja kutoka Bara Hindi, nyumbu 2 na punda 4. Alitaka kuona kama wanyama hao wangestahimili mbung'o katika safari ya kuufuata mto Ruvuma. Wanyama walikufa mmoja baada ya mwingine. Lakini pamoja na kuumwa na mbung'o, walikuwa wamepigwa, wametiwa vidonda na kubebeshwa mizigo kupita kiasi na watu waliopewa kazi ya kuwatunza. Hivyo jaribio lake likaharibika: ni mbung'o aliyewaua, au ni fimbo? Tulikumbuke swali hilo, maana tutalirudia.

Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu miaka ya 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu na wengi wao kuhamia mkoa wa Lindi, mifugo imeongezeka sana katika wilaya zetu. Mahali penye wafugaji wa namna hiyo, punda huja pamoja na ng'ombe ili kubeba maji, vyombo na watoto wadogo. Na mkulima akimwona punda akibeba ndoo za maji, naye humtamani, hasa mama aliyechoka kubeba ndoo kichwani kila siku. Ni jambo jema. Lakini mtu aliyekua bila punda hajui tabia zake, na hapo ndipo ajali huanza.

Tabia ya punda

Macho ya punda yako ubavuni mwa kichwa. Kwa hiyo huona mbali upande wa kulia na upande wa kushoto, lakini haoni kilicho nyuma ya mkia wake wala kilicho chini kabisa ya pua yake. Anayemjia kutoka nyuma kimya kimya humshtua, na punda aliyeshtuka hutupa mateke kabla ya kujua ni nani. Kwake yeye, kinachokuja nyuma bila sauti chaweza kuwa fisi au simba. Basi teke ni njia yake ya kujilinda. Si ukosefu wa shukrani.

Farasi akiogopa, hukimbia. Punda akiogopa, mara nyingi husimama kimya na kukaza miguu. Sisi husema ni mkaidi, tukachukua fimbo. Kumbe ameona au amesikia kitu tusichokiona: labda nyoka njiani, labda daraja linatikisika, labda bega lina kidonda chini ya tandiko. Ukimpiga wakati huo, hofu yake yaongezeka, na mateke hufuata.

Tazama masikio yake. Yakisimama na kuelekea mbele, anasikiliza. Yakilala nyuma kabisa, amekasirika au anaumwa. Akibana mkia, akigeuza makalio kukuelekea, au akiinua mguu mmoja wa nyuma juu juu, amekwisha kukuonya. Rudi nyuma.

Kumkaribia na kumshika

Haya ndiyo tunayoshauri yafuatwe na kila mtu wa nyumbani:

1. Mwite kabla hujafika. Sema naye kwa sauti ya kawaida, ajue uko wapi.

2. Mjie kwa upande wa bega, wala si kwa nyuma wala kwa mbele moja kwa moja. Mguse kwanza shingoni au begani, halafu sogeza mkono polepole.

3. Ukitaka kupita nyuma yake, pita mbali, hatua tatu au nne, mahali teke lisipofika. Ikiwa nafasi ni ndogo, zunguka kwa mbele.

4. Usijizungushie kamba mkononi, kiunoni wala shingoni. Punda akikimbia, kamba hukaza, na wewe huburutwa au vidole hukatika. Ikunje kamba na kuishika katikati ya kiganja, ili uweze kuiachia mara moja. Watoto hasa waonywe juu ya jambo hili.

5. Mfunge kwenye mti au nguzo imara kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja, wala usimfunge kwenye kitu kinachoweza kung'oka na kumfuata.

6. Ukitazama kwato, simama kando ya mguu, ukielekea mkia, na mgongo wako uinamishe. Usipige magoti wala kuchuchumaa karibu naye. Ukichuchumaa huwezi kuondoka upesi.

7. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Ndara hazisaidii kitu punda akikukanyaga.

8. Usimlishe mtoto wa punda kwa mkono mbele ya mama yake. Punda jike mwenye mtoto huuma na kupiga teke, hata kama siku nyingine ni mpole.

9. Punda dume asiyehasiwa hubadilika akisikia harufu ya jike. Asishikwe na mtoto, na asishikwe na mtu mmoja peke yake.

Mama mjamzito afadhali asishike kamba wala kufunga mizigo. Teke moja tumboni laweza kumdhuru yeye na mtoto pia. Na watoto walio chini ya miaka 10 au 12 wasiachwe peke yao na punda, hata kama ni punda wa miaka mingi hapo nyumbani.

Wale vijana waendao mijini au nchi za Waarabu na kupata kazi ya kutunza farasi wazishike kanuni hizi hizi, ila wajue kwamba farasi ni mrefu zaidi, ana nguvu zaidi, na hushtuka upesi zaidi. Wasimpande bila kofia ngumu ya kukinga kichwa, kwa maana wengi wanaokufa kwa kuanguka kutoka juu ya farasi huumia kichwa.

Jeraha dogo, ugonjwa mkubwa

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii. Uko ugonjwa ambao kwa Kiswahili chetu una punda ndani ya jina lake: pepopunda. Ugonjwa huu si pepo. Ni vijidudu ambavyo mbegu zake hukaa udongoni na katika matumbo ya wanyama, hasa farasi na punda, na ng'ombe pia. Hutoka pamoja na mavi, huchanganyika na vumbi la zizi na la shamba, na huweza kungoja humo miaka mingi, jua lisiziue wala ukavu usizimalize.

Mbegu hizo zikiingia katika jeraha, hasa jeraha lenye tundu jembamba na la kina kama la msumari, mwiba au jino, huamka mahali pale pasipo na hewa na kutoa sumu. Sumu hiyo hushika mishipa ya fahamu. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku 3 na siku 21 baada ya kuumia. Wakati huo jeraha lenyewe huenda limekwisha kupona na mgonjwa hata halikumbuki.

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 30 anatoa mavi zizini bila viatu. Anachomwa na msumari wa ubao. Anafuta damu, anapaka majivu, anaendelea na kazi. Siku ya tisa anashindwa kufungua kinywa vizuri. Anadhani ni jino. Siku ya kumi anashindwa kumeza ugali, na shingo imekaza. Jamaa wanasema amerogwa, wanampeleka kwa mganga wa kienyeji. Siku ya kumi na moja mwili mzima unakaza, mgongo unapinda kama upinde, na kila mlango ukigongwa au mtu akimgusa anashikwa tena. Akili yake ni timamu muda wote. Anasikia kila neno na kila maumivu. Akifikishwa hospitali siku hiyo, kumwokoa ni kazi ngumu sana. Asipofikishwa, kwa kawaida hufa kwa kushindwa kupumua.

Mbona tumesema kijana mwanamume? Kwa sababu wanawake na watoto wanakingwa zaidi. Mtoto hupata chanjo ya pepopunda pamoja na chanjo nyingine katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama hupewa sindano za kuzuia pepopunda anapohudhuria kliniki ya wajawazito. Kwa sababu ya kazi hiyo ya miaka mingi, mwaka 2012 nchi yetu ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga, yaani imekuwa nadra kabisa. Lakini mwanamume hana kliniki ya wajawazito. Aliyezaliwa kabla chanjo hazijaenea, au aliyekatiza chanjo utotoni, au ambaye kinga yake ya utotoni imepungua, hulima, huchunga na hujenga bila kinga yoyote.

Kwa hiyo twawaomba akina baba na vijana: nendeni zahanati au kituo cha afya mkaulize habari za sindano ya pepopunda kabla hamjaumia. Mtu mzima ambaye hajachanjwa kamwe huhitaji sindano tano: ya kwanza siku anayofika, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne baada ya mwaka mmoja, na ya tano baada ya mwaka mwingine. Tunzeni kadi. Na mjue kwamba aliyeugua pepopunda akapona hajapata kinga. Naye lazima achanjwe.

Huduma ya kwanza

Jeraha lolote la zizini, hata dogo, lioshwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Ondoa udongo na vibanzi vyote. Funika kwa kitambaa safi. Usipake mavi ya ng'ombe, majivu, udongo, tumbaku wala unga wa betri. Vitu hivi huingiza vijidudu badala ya kuvitoa. Damu ikitoka nyingi, kandamiza juu ya jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, na mwinue mkono au mguu huo juu. Halafu nenda kituoni siku hiyo hiyo, ukaeleze kwamba jeraha ni la zizini.

Aliyeumwa na punda kwa meno aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kwa sababu punda naye aweza kupata kichaa cha mbwa akiumwa na mbwa mgonjwa. Punda mwenye ugonjwa huo hubadilika tabia, hutokwa na mate, hushindwa kumeza, hujiuma mwenyewe, na hufa baada ya siku chache. Usitie mkono kinywani mwa punda anayeonekana kukwama kitu kooni. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina dawa. Lakini sindano za kukizuia zikianza mapema humwokoa mtu. Mtakumbuka kampeni ya kuchanja mbwa iliyoanza mwaka 2010 katika mikoa ya kusini mashariki, Lindi na Mtwara ikiwemo. Kuchanja mbwa ni kumlinda punda, na ni kumlinda mwenye punda.

Aliyepigwa teke tumboni asipuuzwe hata kama hana jeraha nje. Damu yaweza kuvuja ndani. Akipauka, akitoka jasho la baridi, tumbo likiwa gumu, mapigo ya moyo yakienda mbio, au mkojo ukiwa na damu, mlaze, mfunike, usimpe chakula wala kinywaji, mpeleke hospitali bila kungoja asubuhi. Hali kadhalika aliyepigwa kichwani akazimia hata kidogo, akatapika, akasinzia isivyo kawaida, au akatokwa na damu au maji sikioni. Anayelalamika shingo au mgongo asiinuliwe kwa makwapa. Abebwe juu ya ubao au kitanda, akiwa amenyoshwa.

Punda mwenye afya ni punda wa salama

Turudi kwenye swali la Livingstone: mbung'o au fimbo? Mnyama mwenye maumivu ndiye anayeuma na kupiga teke. Kwa hiyo kumtunza punda ni kujilinda.

Punda wa kawaida ana uzito wa kilo 150 hivi. Mgongoni asibebe zaidi ya kilo 50. Maana yake, gunia moja la mahindi la kilo 100 ni safari mbili, au ni la punda wawili. Mzigo ugawanywe sawasawa pande zote mbili, na chini yake uwekwe mto laini, blanketi au magunia yaliyokunjwa, yasiyo na mishono migumu. Uti wa mgongo usiguswe na mzigo. Akivuta mkokoteni, magurudumu yapakwe grisi, na usiku mkokoteni uwe na kitu kinachong'aa nyuma, madereva wauone.

Kila siku, kabla ya kazi, pitisha mkono mgongoni, kifuani na chini ya mkia, kutafuta vidonda. Chenye kidonda kipumzishwe mpaka kipone. Toa mawe na matope katika kwato. Mpe maji safi, ndoo ya lita 20 kwa siku, na zaidi siku za joto. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima hivi. Miezi ya mwisho asifanyishwe kazi nzito.

Akikonda, akiwa mnyonge, akiwa na homa zinazokuja na kuondoka, huenda ni nagana. Mwite bwana mifugo. Usinunue dawa ya ng'ombe na kumchoma mwenyewe, maana kipimo kinachomfaa ng'ombe chaweza kumwua punda. Na mnyama aliyekufa ghafula, hasa mwenye damu inayotoka puani au nyuma bila kuganda, asichunwe wala kuliwa. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Toeni taarifa.

Tena tukumbuke kwamba kumtesa mnyama ni kosa mbele ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Na Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi barani kote. Yeyote apitaye vijijini akitafuta punda wa kuchinja kwa ngozi asipewe nafasi. Punda akichukuliwa, ndoo ya maji hurudi kichwani mwa mama.

Mambo matatu

Ukisahau mengine yote, shika haya matatu. Usipite nyuma ya punda bila kumwita. Osha kila jeraha la zizini kwa sabuni na maji, siku hiyo hiyo. Na wewe baba, wewe kijana, usingoje kuumia: wiki hii nenda ukaulize sindano ya pepopunda.

Kuna na methali nyingine isemayo: punda afe, mzigo ufike. Sisi twasema, punda aishi, mzigo ufike, na mwenye mzigo afike nyumbani akiwa mzima.